Naomba ushauri: Je, sheria za usalama za NFL zinatosha nimruhusu mwanangu aendelee kucheza?

Mama Idi:
Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Columbus, Ohio, na kijana wangu wa miaka 16 anacheza mpira wa Kimarekani katika timu ya shule. Wiki iliyopita aligongana kichwa kwa kichwa na mwenzake mazoezini. Jioni ile aliomba nizime taa ya jikoni kwa sababu ilimuumiza macho, na ugali wake ukapoa bila kuguswa. Kocha alinipigia simu akasema ni mshtuko mdogo tu na kwamba Ijumaa atacheza, nilikataa. Baba yake anaona ninaogopa mambo yaliyokwisha kupita, kwa kuwa NFL, ligi ya kulipwa, imebadilisha sheria. Naomba wenye uelewa mnieleze kama sheria hizo zimepunguza madhara kweli, na kama zinamfikia mwanangu.

Kipanga wa Dallas:
Pole sana, dada. Shemeji hakukosea moja kwa moja. Tangu 2018, mchezaji wa NFL anayeinamisha kichwa na kumgonga mwenzake kwa kofia huigharimu timu yake yadi 15, na anaweza kutolewa uwanjani. Badiliko kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la mkwaju wa kuanzisha mchezo, ambapo zamani watu walitimua mbio kutoka mbali na kukutana kwa kishindo. Mwaka 2011 ligi ilisogeza mkwaju huo mbele hadi yadi ya 35, hivyo mipira mingi ikawa inafika mwisho wa uwanja wala mpokeaji hakimbii nayo kuirudisha. Mwaka 2024 ikaja na mpangilio mwingine: safu mbili husimama karibu, wala hazisogei mpaka mpira uguse ardhi au ushikwe. Msimu huo ligi ilihesabu mitikisiko ya ubongo 182, idadi ndogo kuliko yote tangu ianze kuweka hesabu hiyo mwaka 2015, na mipira inayorudishwa iliongezeka. Kwa hiyo wanaosema usalama unaua mchezo, mimi sikubaliani nao.

Bi Zuhura, muuguzi:
Mama Idi, ulifanya vyema kumzuia. Mchezaji wa NFL anayeshukiwa kuumia kichwa huchunguzwa na daktari wa timu pamoja na mtaalamu wa ubongo asiyeajiriwa na timu, na hata hivyo makosa hutokea. Septemba 2022 mchezaji wa NFL Tua Tagovailoa alionekana akiyumba uwanjani, akarudishwa mchezoni, na siku nne baadaye akatolewa kwa machela katika mechi nyingine. Oktoba ya mwaka huohuo ligi iliamua kwamba mchezaji anayeyumba kwa sababu ya kuumia kichwa asirudi tena siku hiyo. Shuleni kwa mwanao mtaalamu wa namna hiyo hayupo pembeni ya uwanja, lakini sheria ya Ohio ipo: kijana mwenye dalili za mtikisiko wa ubongo hatakiwi kurudi uwanjani bila idhini ya maandishi ya daktari au mtaalamu wa afya anayetambuliwa. Ijumaa haikuwa ya kocha kuamua.

Mzee Mwinyi:
Naongeza jambo ambalo sheria za penalti haziligusi. Daktari Bennet Omalu, Mnigeria, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa NFL aliyefariki mwaka 2002, akakuta ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi, hata kwa vipigo visivyomwangusha mtu. Ugonjwa huo huthibitishwa baada ya kifo tu. Ndiyo maana mkataba wa 2011 kati ya NFL na wachezaji uliweka kikomo cha mazoezi 14 ya kugongana kwa vifaa kamili vya kinga katika msimu wa kawaida. Binti yangu, muulize kocha: kwa wiki wanagongana siku ngapi?

Mama Idi:
Ahsanteni sana. Nimemsomea baba yake majibu yote, na swali la Mzee Mwinyi atakwenda kuliuliza yeye mwenyewe. Kesho asubuhi tuna miadi na daktari. Kofia nimeifungia kabatini, na haitatoka mpaka nipate karatasi hiyo mkononi.