Mada: Kipi kihesabiwe ukipiga hesabu ya mali halisi?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Huu ni mwaka wangu wa nane ugenini. Jana usiku nilikaa na daftari nijue nimefika wapi. Nimeandika nyumba niliyokopea, gari, pensheni ya kazini, kiwanja nilichonunua nyumbani na fedha nilizomkopesha binamu yangu. Jumla ilinifurahisha, kisha ikanitia shaka, maana benki sina hata akiba ya miezi miwili. Kipi nihesabu, kipi niache?

*

Marahaba mdogo wangu. Shaka yako ina msingi. Mali halisi ni unachomiliki ukitoa unachodaiwa, hilo halina ubishi. Kazi iko kwenye bei: kila kitu ukiandike kwa thamani gani? Mimi hujiuliza, nikiuza leo na kulipa ninachodaiwa, mkononi kinabaki nini?

Nyumba ndiyo inayotupoteza wengi. Upande wa mali, andika bei ambayo nyumba kama yako zimeuzwa karibuni, ukitoa gharama za dalali na mwanasheria. Upande wa deni, andika salio lililo kwenye taarifa ya benki. Usijumlishe marejesho uliyokwisha kulipa ukadhani yote yamegeuka mali. Chukua mkopo wa 200,000 wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6. Rejesho la mwezi ni karibu 1,199. Mwezi wa kwanza, 1,000 nzima inakwenda kwenye riba, deni linapungua kwa 199 tu. Mwaka ukiisha umetoa zaidi ya 14,000 na deni limeshuka kwa 2,500 hivi. Nilipoliona hilo kwenye jedwali la mkopo wangu mwenyewe nilikaa kimya muda mrefu.

Gari ni bei ya kuliuza leo, si uliyonunulia. Samani na nguo achana nazo.

Pensheni ihesabu, ila uliza kwanza. Ukiacha kazi leo, mchango wa mwajiri unaondoka nao wote au kuna miaka ya kutimiza? Siku ya kuchukua, inakatwa kodi? Kama inakatwa, kiasi unachokiona si chako chote. Na kama mfuko wenu unaahidi malipo ya kila mwezi uzeeni bila salio lenye jina lako, iandike pembeni kama kipato cha baadaye. Usiibunie thamani.

Kiwanja kiandike kwa fedha ya huko kilipo, kisha ubadilishe kwa kiwango cha siku unayopiga hesabu. La sivyo mwakani utadhani umetajirika au umefilisika, kumbe ni sarafu tu iliyoyumba. Hati ikiwa haijatoka kwa jina lako, weka sifuri. Najua inauma.

Binamu, kama analipa kila mwezi, andika salio. Kama amenyamaza, sifuri pia.

*

Kaka kasema kweli. Mimi naongeza dhamana. Niliwahi kumwekea saini mwenzangu wa kazini kwenye mkopo, na daftari langu likaendelea kuonyesha sina deni. Alipohama bila kuaga, barua ya madai ilikuja kwangu, nikalipa kwa miezi 16. Dhamana haiingii kwenye jumla ya madeni maadamu mkopaji analipa, lakini iandike chini ya ukurasa, kiasi chote, kwa kalamu nyekundu.

Pia, mdogo wangu, weka jumla mbili: ya mali yote, na ya fedha unazoweza kuzishika ndani ya wiki moja. Hiyo ya pili ndiyo inayokueleza kwa nini benki pakavu.

*

Asanteni sana dada na kaka. Nimerudia usiku huu. Jumla ya kwanza imepungua karibu theluthi moja. Ya pili haifiki miezi miwili ya matumizi. Hati ya kiwanja bado ina jina la aliyeniuzia, na mimi nilikuwa nimekiweka juu kabisa ya orodha. Kesho nampigia muuzaji kwanza, binamu baadaye.