Naomba mfano kamili wa kuita fanksheni ya Lua toka kwenye C

fundi_ilala
Wakuu habari za saa hizi. Kuna duka la jumla Kariakoo nimewaandikia programu ya mauzo kwa C, inapiga kazi vizuri, shida ni bei. Leo bosi anataka mteja akichukua katoni kumi apunguziwe, keshokutwa anasema hapana iwe kwa wateja wa mikoani tu, na kila akibadilisha inabidi nikompaili upya nipande daladala nikaiweke. Nikaona hesabu za punguzo zikae kwenye faili la Lua pembeni (ile lugha ndogo ya skripti isiyohitaji kukompaili upya), abadilishe mwenyewe. Mfano nilioupata mtandaoni wa luaL_newstate, luaL_openlibs na luaL_dofile (kuiwasha Lua, kufungua maktaba zake na kuendesha faili) ulikubali, ila nilipoanza kuita fanksheni ya bei kwa kila bidhaa, mwanzoni inaenda freshi, baadaye inajifia bila kusema chochote. Mifano mingi inaishia kuprinti salamu tu, mwenye unaorudisha jibu anisaidie.

mama_steki
Kaka hapo ni steki, lile rundo la kuwekea vitu kwa muda, cha mwisho kuwekwa ndo kiko juu. C na Lua haviongei moja kwa moja, kila kitu kinapita humo. Unaanza na lua_getglobal(L, "bei"), unasukuma jina la bidhaa kwa lua_pushstring, idadi kwa lua_pushinteger, halafu lua_pcall(L, 2, 1, 0), yaani nakupa viwili nirudishie kimoja. Pcall inaondoa fanksheni na hivyo viwili inaacha jibu, unalisoma kwa lua_tonumber(L, -1), hiyo -1 ni kilichoko juu kabisa, na hapa ndo pa kuwa makini sana, kusoma hakuliondoi! Lazima ulitoe kwa lua_pop(L, 1). Usipotoa, kila bidhaa inaacha namba yake pale, na nafasi za uhakika ni 20 tu, ukizidisha bila kuita lua_checkstack chochote kinaweza kutokea. Printi lua_gettop(L), yaani idadi ya vitu vilivyoko kwenye steki, kabla na baada ya kuita, namba zikipishana ujue kuna kitu umekiacha.

fundi_ilala
Dah dada asante sana, nimeprinti na kweli inapanda moja moja kila mauzo. Nimeweka pop imetulia. Bosi akikosea kuandika je?

kijana_tandika
Angalia pcall imerudisha nini mkuu. Isipokuwa LUA_OK, kilichoko juu ya steki ni maelezo ya kosa, mara nyingi na jina la faili na mstari, yaonyeshe kwa lua_tostring(L, -1) kisha yatoe nayo. Usije ukatumia lua_call pale, kosa likitokea programu nzima inaabort, yaani inakatika hapo hapo, na ule ujumbe wa PANIC unaenda stderr (njia ya kutolea makosa), mtu wa kaunta hauoni. Mfano kamili ninaoukubali mimi ni lua.c, unakuja na sosi kodi yenyewe ya Lua kutoka PUC-Rio kule Brazil, ni programu ya kawaida ya C inayotumia API hii hii (hizi fanksheni za C za kuongea na Lua), isome docall na report utaona makosa yanavyoshikwa.

mama_steki
Naongezea, luaL_openlibs iondoe. Inafungua os na io, maktaba za kugusa mfumo wa kompyuta na mafaili, kwahiyo mtu yeyote anayegusa faili la bei anaweza kuandika os.remove akafuta rekodi za mauzo. Kwa bei zinatosha maktaba ya msingi, math, string na table, fungua moja moja kwa luaL_requiref, na kila ukiita hiyo piga lua_pop(L, 1) maana nayo inaacha nakala juu ya steki.