Ndege ndani ya chupa: je, mchoro wa Joseph Wright unaisifu sayansi au unaishtaki?

Mwalimu wa Sanaa, Iringa

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha sanaa katika shule ya sekondari hapa Iringa. Wiki iliyopita niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu mchoro mkubwa wa rangi ya mafuta ambao Mwingereza Joseph Wright, mwenyeji wa mji wa Derby, aliuchora mwaka 1768, na ambao sasa umehifadhiwa National Gallery mjini London. Watu kadhaa wameizunguka meza usiku. Juu ya meza kuna pampu ya kuondolea hewa, na ndani ya tufe la kioo lililo juu ya pampu hiyo yumo kasuku mweupe ambaye anaishiwa pumzi. Mzee mwenye nywele ndefu za mvi anaongoza jaribio, msichana mmoja amefunika uso kwa mkono, na vijana wawili wapenzi wanatazamana wao kwa wao kana kwamba ndege hayupo.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba katika Zama za Mwangaza, yaani karne ya 18 Ulaya ilipotukuza akili na sayansi, wachoraji waliipa sayansi heshima ambayo zamani ilikuwa ya watakatifu na wafalme. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: “Mwalimu, kama anaisifu, kwa nini amemchora mtoto anayelia?” Sikuwa na jibu la kuniridhisha mwenyewe. Naomba msaada wenu: mchoraji huyu alikuwa upande gani? Niongeze kwamba nakala niliyoitumia niliichapisha kwenye stesheneri kwa wino mweusi tu, hivyo sehemu za pembeni zilitoka kama masizi.

Mwalimu wa Fizikia, Mbeya

Mwalimu mwenzangu, nianze na chombo chenyewe, kwa sababu tarehe zake zinabadilisha maana ya mchoro. Pampu ya aina hiyo mwanasayansi Robert Boyle na msaidizi wake Robert Hooke waliitengeneza Uingereza mwaka 1659, wakifuata kazi ya Mjerumani Otto von Guericke. Boyle aliweka ndege na wanyama wadogo ndani ya kioo, akaona kwamba hewa ikitolewa hawaishi, na mwaka 1660 akachapisha matokeo yake. Kwa hiyo Wright alipochora, jaribio lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 100 na lilikuwa limekuwa onyesho. Wahadhiri walizunguka mji hadi mji na vyombo vyao, wakialikwa majumbani au wakitoza kiingilio. Mmoja wao, Mskoti James Ferguson, aliona kwamba kutumia mnyama hai kunawatia watazamaji uchungu, akapendekeza kibofu kilichojazwa hewa kitumike badala yake.

Wright alikuwa na njia hiyo ya upole, akaiacha. Zaidi ya hapo, alimchagua kasuku wa thamani, ndege ambaye hakuna mhadhiri mwenye akili angemharibu kwa onyesho la jioni moja. Hivyo hatuwezi kusema kwamba alinakili tu alichokiona sebuleni mwa mtu. Alipanga mambo kwa makusudi, na mahali pa kumtafuta ni kwenye nyuso: kila mtu pale mezani ana namna yake ya kukabiliana na maarifa. Yupo anayepima muda kwa saa, yupo anayewaliwaza wasichana, na yupo mzee aliyeketi kulia ambaye hamtazami ndege kabisa, ameinamia mawazo yake.

Tazama pia mkono wa mhadhiri. Umeshika kifaa kilicho juu ya tufe, na akikifungua hewa itaingia na ndege atapona. Macho yake hayako kwa ndege wala kwa wageni. Yanamtazama anayeutazama mchoro.

Ukitaka wanafunzi waelewe kinachotolewa na pampu hiyo, waambie kwamba sisi wa nyanda za juu tunaishi sehemu ya safari hiyo kila siku. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Anayepika maharage Mbeya na Kyela kwa sufuria ileile anaijua tofauti hiyo, hata kama hajawahi kuisoma.

Mchora Mabango, Makambako

Shikamooni walimu. Mimi si msomi wa historia, riziki yangu ni kuandika mabango ya maduka na kuchora kuta za saluni, lakini ninaomba kusema neno kuhusu mwanga. Mshumaa wenyewe hauonekani. Umefichwa nyuma ya chombo cha kioo chenye maji ya ukungu kilichoko mezani, na mwanga unatoka pale kwenda juu usoni mwa watu. Niliwahi kumchora mama yangu umeme ulipokatika, kibatari kikiwa nyuma ya jagi, na nilijifunza kwamba mwanga wa chini hauna adabu: unamulika kidevu, tundu za pua na upande wa chini wa nyusi, halafu paji la uso linabaki gizani. Uso mpole unatisha, na uso wa mtoto unaonekana umeshtuka hata akiwa ametulia. Nadhani Wright aliitumia hila hiyo huku akijua itatuyumbisha.

Linganisha na mchoro wake wa miaka michache kabla, wa mhadhiri akieleza mashine ya mfano wa jua na sayari, ulioko Derby. Pale taa imewekwa mahali pa jua, na watoto wameegemea pete za mashine huku nyuso zao ziking'aa kwa furaha. Namna ya kutumia mwanga ni ileile, lakini hisia ni tofauti kabisa. Wachoraji wa zamani walichora hivyo wachungaji wakimzunguka mtoto Yesu horini, nuru ikitoka kwake.

Kwa habari ya masizi ya nakala yako, Mwalimu, pole sana, kwa sababu yamekula kitu kikubwa. Kwenye kona ya kulia kuna dirisha lenye mwezi, na kando yake kijana ameshika kamba ya kitundu cha ndege. Hatuambiwi kama anakishusha ili ndege arudi au anakipandisha kwa kuwa hakihitajiki tena.

Mama wa Tukuyu

Nimewasoma wote kwa heshima, lakini naona mnampa Wright mzigo wa zama nzima. Yeye alichora watu wakiitazama sayansi. Walikuwapo waliochora ili wajue. Mchoraji Mwingereza George Stubbs alikaa miezi 18 hivi katika kijiji cha Horkstow, Uingereza, akiwapasua farasi, akiwatundika kwa kulabu na kuchora kila tabaka la misuli hadi mfupa, akatoa kitabu chake mwaka 1766. Kabla yake, mchoraji Mjerumani Maria Sibylla Merian alivuka bahari mwaka 1699 hadi Surinam, Amerika ya Kusini, akiwa na zaidi ya miaka 50, akawachora wadudu kuanzia kiwavi hadi kipepeo juu ya mmea wanaoula. Huyo brashi ilikuwa chombo chake cha uchunguzi.

Stubbs anatuhusu zaidi sisi. Mwaka 1763 alimchora pundamilia wa Malkia Charlotte, aliyeletwa London kutoka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Alimchora kwa makini kiasi kwamba wajuzi wa wanyama humtambua kuwa pundamilia wa milimani, si jamii ya hawa wetu wa Ruaha. Ila amesimama katika msitu wa Kiingereza, peke yake, kama mgeni aliyeshushwa kituo kisicho chake. Miaka tisa baadaye alimchora kangaruu kwa kutumia ngozi iliyoletwa na msafara wa baharia Mwingereza Kapteni Cook, bila kumwona akiwa hai, na tofauti inaonekana: pundamilia anapumua, kangaruu anafanana na panya mkubwa. Udadisi wa zama zile ulisafiri kwa meli za watu waliokuwa na haja nyingine pia na nchi za wenzao.

Mwalimu wa Fizikia, Mbeya

Mama, nakubali kuhusu Stubbs. Hata hivyo, ninaona Wright naye alichunguza. Alichokiweka ndani ya kioo ni watazamaji.

Mwalimu wa Sanaa, Iringa

Nawashukuru sana. Hapo mwanzo niliuliza upande gani, na sasa naona ni afadhali niwaache wanafunzi wachague kila mmoja mtu mmoja mezani na kuandika anachokiona mtu huyo. Pundamilia nitamweka somo linalofuata. Kesho narudi stesheneri kuchapisha kwa rangi. Fundi, kuna namna ya kuokoa ile kona ya dirisha?

Mchora Mabango, Makambako

Mwambie kijana wa mashine aongeze mwangaza wa picha kabla ya kuchapa. Ikishindikana, ikate kona ya kulia uichapishe peke yake kwenye karatasi nzima, kijana na kitundu chake wataonekana.