Mrejesho: gari nililoliacha Dodoma miezi kadhaa limewaka

Wakuu, mwezi Mei niliwauliza namna ya kuliacha gari nyumbani Kisasa hadi Desemba, nikiwa masomoni nje ya nchi. Nimerudi, limewaka.

Wasiwasi wangu ulikuwa betri. Nilifungua waya wa hasi mlivyoshauri, na shemeji akawa anaichaji mara mojamoja. Nimeikuta na volti 12.5, nikafunga waya, injini ikashika swichi ya kwanza. Redio tu ndiyo iliyosahau stesheni zote.

Hendibreki sikuivuta, isije ikagandia. Niliweka gia kwenye P na mawe kwenye matairi, upepo nikaongeza kidogo, tangi nikajaza. Diski za breki zilikuwa na kutu ya juujuu, ikaisha kwa kukanyaga breki taratibu mtaani.

Turubai nililolifunika gari sasa! Aliyenionya nisilifunike alikuwa sahihi kabisa. Upepo wa kiangazi wa huku unalipigapiga, vumbi linaingia chini yake, linasugua rangi kama msasa. Shemeji alilivua akalisogeza gari bandani, lakini boneti imeshachubuka. Filta ya hewa nimebadilisha pamoja na oili.

Panya nao walijenga juu ya injini. Nyaya ziko salama, ila sufi ya chini ya boneti wameitafuna yote. Wale mliosema vidonge vya nondo vinawafukuza, mniambie ni panya wa wapi hao, maana wa Kisasa walilala navyo kiotani.

Na mkuu uliyesema niliuze: bado siuzi.