Wakwe Watarajiwa Wanauamini Ukurasa wa Mpwa Wangu: Niwajibu Nini?

Mkaazi wa Langoni:
Assalamu alaikum ndugu zangu. Mpwa wangu ni baharia katika jahazi la kutembeza wageni hapa Amu (Lamu). Ana ukurasa wa Instagram unaomwonyesha ameshika usukani, jua likichwea nyuma ya tanga, na maelezo ya Kiingereza yanayowakaribisha watu katika jahazi lake wende Takwa na Kipungani. Jahazi hilo ni la mzee mmoja wa Matondoni, na mpwa wangu hulipwa kwa safari. Hapa kwetu picha hizo hazimdanganyi mtu, kwa kuwa kila chombo kina mwenyewe anayejulikana. Sasa amepeleka posa Malindi, na baba wa binti, ambaye ni jamaa wa mke wangu, amenipigia simu nimthibitishie kuwa kijana anamiliki jahazi. Kijana ni mtu wa swala na ndiye anayemtunza mamake, mambo ambayo ukurasa ule hauyataji hata kidogo. Nijibu vipi?

Ustadhi wa Mkomani:
Waalaikumu salamu. Fatima binti Qays alipomweleza Mtume, rehema na amani zimfikie, kwamba ameposwa na Muawiya na Abu Jahm, aliambiwa waziwazi kuwa Muawiya ni maskini asiye na mali na kwamba Abu Jahm haishushi fimbo yake begani, yaani ni mpigaji wa wanawake, kisha akashauriwa aolewe na Usama bin Zaid. Imamu Muslim ameipokea hadithi hiyo, na wanazuoni wakaichukua kuwa dalili kwamba kumweleza ukweli anayetaka ushauri wa ndoa si kusengenya. Jibu ulichoulizwa, usizidishe.

Mama wa Malindi:
Kaka yangu, sisi huku tumewaona vijana wa ufuoni wenye kurasa za kifalme na vyumba vya kupanga, kwa hiyo usimlaumu mzee kwa kuuliza. Ukimficha, siku watakapoteremka gatini kwa harusi, mchukuzi wa kwanza atawaeleza yote, tena bila kuulizwa.

Mtembeza Wageni, Shela:
Naomba nimtetee kijana kidogo. Mgeni aliye Ulaya huchagua safari kwa picha, na ukimwandikia kwamba chombo ni cha tajiri wako, atamtafuta tajiri huyo. Wenye majahazi wengi hulijua hilo na hawakatazi. Ukurasa ule ni barua aliyoandikiwa mtalii, ikafunguliwa na mkwe. Instagram inaruhusu mtu mmoja kuwa na akaunti kadhaa, basi ya biashara ibaki ya biashara, na ya jamaa imwonyeshe alivyo.

Mama wa Malindi:
Barua sawa, lakini binti naye si mtalii, na ameisoma muda wote huo bila kusahihishwa.

Mkaazi wa Langoni:
Shukrani. Nimezungumza na dada yangu, tukakubaliana kwamba kijana ampigie baba wa binti mwenyewe baada ya Isha, amwambie kazi yake na namna anavyolipwa, kisha nami nizungumze juu ya tabia yake. Je, picha za usukani azifute?

Mtembeza Wageni, Shela:
Aziache, kwa sababu usukani anaushika kweli. Abadilishe maelezo tu, na afanye hivyo kabla ya kupiga simu, maana mzee atakuwa na ukurasa huo mkononi.