Stima ikipotea usiku, friza za sampuli mwazilindaje?

bi_seva: Jamani, mimi niko IT kwenye maabara ya utafiti hapa Mombasa, wiki jana stima imepotea usiku jenereta ikakataa kuwaka, friza ya nyuzi -80 ikapanda hadi -52 na hakuna alopata habari mpaka asubuhi, damu za watu walojitolea zile, roho yaniuma hadi sasa. Nyinyi alamu mwazipataje?

fundi_kisauni: Pole sana dadangu. Alamu isitegemee intaneti peke yake, stima ikienda na rauta yazima! Weka kifaa chenye laini ya simu na betri yake, kitume SMS kwa watu 3. Na jenereta muijaribu kila wiki ikiwa yabeba friza zenyewe, si kunguruma bure.

mzee_wa_data: Na data je? Nakala 3, aina 2 za hifadhi, 1 ikae nje ya jengo, na mjaribu kuzirudisha, sisi tulikuta faili hazifunguki. Majina ya wagonjwa yatengwe na matokeo, sheria ya data ya 2019 yatuhusu.

bi_seva: Shukran sana. Leo nimefungua UPS, ile betri ya kushikilia mitambo stima ikipotea, vichwa vya betri vimeliwa na chumvi, kijani kitupu. Kesho naagiza mpya.