Mkwezi wa minazi nataka kuhamia kwenye kamba na haness (mikanda ya kujifunga mwilini), nianze kununua nini?

MkweziPangani

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kwa wale mnaokwea miti kama kazi ya kula. Mimi ni mkwezi wa minazi huku Pangani, kazi nimeichukua kwa baba mdogo, napanda kwa kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, basi. Naanza alfajiri kabla upepo haujashika maana kusi ikianza kuvuma mnazi mrefu unayumba na wewe uko juu, saa nne hivi nishashuka naanza kufua nazi na kupanga makuti. Malipo kwa mti, wengine wananilipa nazi badala ya hela, sio mbaya nazi inauzika.

Sasa siku hizi hoteli na wenye nyumba za ufukweni wananiita sio kuangua tena, wanataka nisafishe minazi, yani nitoe makuti makavu na nazi zote zisimdondokee mgeni kichwani, alafu wananiuliza kama naweza kukata matawi ya mwembe uliolalia bati au mti wa mkungu unaokaribia waya wa umeme. Iyo hela ni nzuri kuliko kuangua. Lakini mwembe huwezi kuukumbatia kama mnazi, ukiwa pembeni ya tawi na panga mkono mmoja huna pa kujishika. Mke wangu ana mimba na kila siku ananiambia nitafute namna ya kujifunga.

Akiba ninayo kidogo. Rafiki yangu anasema ninunue chenso, ule msumeno wa petroli, kwanza kwakuwa ndo inaleta kazi, haness itakuja baadae. Mwingine anasema kamba ile ya bluu ya dukani inatosha kabisa kujifungia. Nyie mnaonaje, ungekuwa wewe ungeanza na nini?

KambaMbili

Mkuu umefanya la maana kuuliza kabla hujanunua. Mimi nakata miti Dar, nyumba za watu, mashule, misikiti, makanisa, na nakwambia bila kuzunguka: nunua kinachokushika kabla ya kinachokata. Chenso hata ya kukodi ipo, na matawi mengi ya mwembe unayamaliza na msumeno wa mkono ule uliopinda unaokata ukivuta, bei yake ndogo, hauna petroli, na mkono ukichoka unasimama wenyewe. Chenso ukichoka nayo haisimami.

Ile kamba ya bluu usijifungie hata siku moja. Ile plastiki inaliwa na jua ikiwa imeanikwa, inapoteza nguvu, na ikisuguana inayeyuka. Kwenye kazi yetu fundo linasuguana na kamba muda wote unaposhuka, kwaiyo unaona mwenyewe. Katani ya kwenu Tanga nzuri kwa kushushia matawi madogo lakini sio ya kubeba roho. Kamba ya kupandia ni ile yenye moyo ndani na ganda la kusukwa nje, unene milimita 11 mpaka 13, isiyovutika sana, na kwenye lebo utaona imeandikwa EN 1891 aina A, hicho ni kiwango cha Ulaya cha kamba hizo. Urefu hesabu mara mbili ya mti maana inapanda inapita juu ya tawi inarudi kwako, mwembe wa mita 15 unataka kamba ya 35 na zaidi kidogo.

Haness sasa. Mafundi ujenzi wana zile zenye pete mgongoni, zile kazi yake ni kukudaka ukianguka, hazifai kukaa nazo juu masaa. Wewe unataka ya kukalia, mkanda mpana kiunoni, mikanda miwili mapajani, pete za ubavuni kwa ajili ya kamba fupi ya kuzungusha shina na sehemu ya mbele ya kuungia kamba kubwa. Ijaribu ukiwa unaning'inia hapo hapo dukani au kwa muuzaji, robo saa nzima, kama inakata mapaja chini itakukata zaidi juu. Karabina, zile pete za chuma zenye mlango za kuungia kamba, chukua zinazojifunga zenyewe na zilizopigwa chapa ya kN ubavuni, ndo kipimo cha nguvu inazohimili, kuanzia 22 kwenda juu. Vile vikarabina vya rangi vya kuning'inizia funguo mtu asikudanganye.

Fundo la kuanzia, lile linalokaba kamba ukilikalia na kuteleza ukilisogeza kwa mkono, jifunze Blake's hitch au Prusik, ukishika moja vizuri inatosha mwanzo. Kufikisha kamba juu tunatumia uzi mwembamba na kifuko cha gramu 300 au 400, unarusha mpaka kipite kwenye panda unayoitaka karibu na shina, ndo unavuta kamba kubwa. Kabla hujapanda ning'inieni watu wawili kwa pamoja mkiwa chini, tawi likilia mnatafuta lingine.

Na kingine watu wanachokipuuza, kila unapotumia msumeno juu uwe umefungwa sehemu mbili, kamba kubwa na ile fupi, maana ukiikata moja kwa bahati mbaya ya pili ipo. Ile fupi nunua yenye waya wa chuma ndani kama utashika chenso. Lakini waya huo karibu na umeme ni hatari kwahiyo huo mkungu wako usiuguse mpaka TANESCO wamekata umeme na umewaona kwa macho wamekata, usikubali mwenye nyumba akuambie eti waya ni wa kawaida tu. Tawi bichi linapitisha umeme.

MzeeWaMnazini

Mwanangu mimi niko Kilifi, nimekwea minazi tangu kijana na wanangu wawili wanakwea. Huyo aliyetangulia amesema kweli tupu kuhusu miti ya matawi, ila kwenye mnazi niruhusu niongeze.

Mnazi hauna tawi la kupitishia kamba. Wanaotoka mjini na kamba zao huwa wanafunga kwenye makuti, na kuti hata likiwa kijani likikomaa linabanduka na kifuniko chake chote. Usifunge kwenye kuti, usishike kuti kavu, shina pekee ndilo la kuaminiwa. Kamba yako fupi izungushe shina ukiwa unapanda, na kila hatua unaisogeza juu pamoja na mikono. Ukifika chini ya kilele funga na ya pili inayolikaba shina kama kitanzi, kwa kuwa ile ya kwanza ukiteleza unashuka nayo mpaka chini, haikuzuii kitu, inakukwaruza kifua tu. Huo ndio muda wa kufungua mikono na kutoa panga.

Pili, hao wenye hoteli watakwambia ukate vidato kwenye shina ili upande haraka, au uvae vyuma vya ncha vya wale wa nguzo. Kataa. Mwembe ukiujeruhi unaziba, mnazi hauzibi, jeraha la leo litakuwepo mpaka mti ufe, maji yanakaa humo, uozo na wadudu wanaingilia hapo. Vyuma vya ncha viweke kwa mti unaoenda kuangushwa tu. Na wakitaka ubakishe makuti mawili matatu yaliyosimama ili paonekane pasafi, waeleze kwa upole kwamba mnazi mzima una makuti kama thelathini na unatoa kuti jipya takriban moja kwa mwezi, ukiyakata mabichi unaunyima chakula. Toa makavu na yaliyoinama chini, angua nazi na madafu, hapo mgeni ameshasalimika. Kole la madafu lishushe kwa kamba lisipasuke, wauze au wapewe wageni, ni pesa hiyo.

Majimoto, wale sisimizi wa mitini, je? Najua wanavyouma. Vijana wengi wanawamwagia mafuta ya taa au kuwachoma. Usiwaue mwanangu, hao ndio wanaomfukuza yule mdudu anayefyonza vidaka vikaanguka vikiwa vidogo, mnazi wenye majimoto unazaa. Sisi tunajipaka majivu mikononi na miguuni, tunapanda mapema kungali na baridi wakiwa wazito, kazi inakwisha haraka.

Masika shina likiota ukungu wa kijani tunapumzika tu. Na mwezi wa Ramadhani ukifika, nazi zinatakiwa kuliko wakati wowote na wewe umefunga, panda baada ya daku na alfajiri, saa tano uwe nyumbani. Jioni kabla ya futari mwili hauna maji, kizunguzungu kikikupata kileleni hakuna wa kukusaidia.

FundiVyuma_MSA

Kuna mashine ya kukwea minazi nimeiona, vyuma viwili kila kimoja na waya unaokaba shina, unasimama kwenye kimoja unainua kingine. Ni ya Kerala India, wakwezi walipokuwa wachache kule bodi yao ya minazi ikaanza mwaka 2011 kufundisha vijana, wanawake kwa wanaume, kukwea kwa hiyo mashine na wakawawekea na bima. Naweza kuichomelea hapa Mombasa kama kuna anayetaka, ila ukiitumia vaa haness na kamba ya kando vilevile, mashine inakushika miguu tu.

MkweziPangani

Shikamoo mzee wetu wa Kilifi, nimesoma yote mara mbili. Kumbe majimoto ni rafiki, hapa tulikuwa tunawachoma kila msimu. @KambaMbili nashukuru sana mkuu. Swali sasa, haness na kamba mpya bei imenishtua. Kuna jamaa Tanga mjini anauza za mtumba zimetoka meli sijui Ulaya, kwa macho ziko vizuri tu, nichukue? Na je kazi naweza kwenda nayo peke yangu, maana nikiwa na mtu inabidi nigawe hela.

MswahiliLeeds

Kaka niingie hapo kwenye mtumba na kwenye peke yako, mimi ni mtu wa Tanga niko Uingereza na kazi yangu ndo hii, napanda miti ya manispaa na ya watu binafsi.

Mtumba wa chuma, mfano karabina au kapi, unaweza kuukagua, unaangalia ufa, kutu, mlango unafunga wenyewe au unakwama. Mtumba wa kitambaa na kamba hapana. Kamba iliyomwagikiwa asidi ya betri au iliyokaa juani miaka kwa macho haionyeshi, na wala hujui kama ilishawahi kumdaka mtu. Huku sheria inayoitwa LOLER ya mwaka 1998 inataka vifaa vinavyombeba mtu vikaguliwe na mtu anayejua kila miezi 6, na vinavyokataliwa tunavikata vipande ili mtu asivitumie tena. Sasa jiulize vilivyofika kwenye meli bila kukatwa vimepita njia gani. Bora ununue kamba kubwa mpya hata kama si ndefu, uanze na miti mifupi, nyingine ukaongeze baadae. Na mpya nayo ichunguze kila asubuhi kwa mikono, ipitishe yote kwenye vidole, ukisikia sehemu imelainika au imevimba hiyo imekwisha.

Peke yako usiende kabisa. Sio kwa ajili ya kukusanya matawi tu. Mtu akipoteza fahamu akiwa amening'inia kwenye haness damu inabaki miguuni, anaweza kufa akiwa bado amefungwa vizuri kabisa, dakika ni chache mno, na zimamoto mpaka wafike wamechelewa. Ndomana huku hatupandi bila mtu wa pili pale chini mwenye haness yake amevaa tayari na anajua kupanda na kukushusha. Huyo mpe hela yake, na ukimtajia mwenye hoteli bei mhesabu humo humo toka mwanzo. Ukitaja bei ya mtu mmoja leo, kesho hawatakuongezea.

Maisha yenyewe ya kazi huku yanafanana na yako kuliko unavyodhani. Tunaamka giza, tunauzunguka mti kwanza chini kabla ya chochote, tunatafuta uyoga kwenye mizizi, ufa, tawi lililokufa, nyuki. Uyoga kwenye shina maana yake ndani kumeoza hata kama juu ni kijani. Tukishuka mapaja yanauma, kiuno kinauma, mikono inanuka utomvu, kesho tena.

KambaMbili

Naunga mkono yote hayo. Naongezea kukata kwenyewe maana ndo kinachokuleta kwenye mwembe. Tawi zito usilikate mara moja toka juu, litaning'inia na kuchana gome mpaka kwenye shina. Piga kwanza toka chini hatua moja nje ya shina, usiingie sana, alafu toka juu mbele kidogo ya hapo, likishadondoka bila kuchana ndo unasafisha kisiki karibu na shina, lakini acha ule uvimbe wa pale tawi linapotokea, usikwangue flati, huo uvimbe ndo unaoziba kidonda. Na eneo la chini lizungushie kamba, watoto wa Pangani nawajua, wakisikia msumeno wanakuja kuangalia.

Kibali pia, kabla ya kugusa mti mkubwa kaulize halmashauri na ofisi ya misitu, na chenso ukija kununua waulize taratibu za kuimiliki. Mtu wa hoteli atakwambia ameshamaliza, mwambie akuonyeshe karatasi.

MkweziPangani

Nimeelewa wakuu. Chenso nimeiacha. Mdogo wangu ndo nitamfundisha awe mtu wa chini na haness zitakuwa mbili, kazi ya mkungu nimemwambia mwenye nyumba aandike barua TANESCO kwanza. @KambaMbili nikija Dar mwezi ujao naweza kuja siku moja kukaa chini ya mti unapofanya kazi niangalie?

KambaMbili

Karibu sana, mje wote wawili na mdogo wako. Kofia ngumu mje nazo, na siku hiyo hutakaa chini tu. Kuna mwarobaini mfupi kwenye uwanja wa jirani, tutafunga kamba mita moja na nusu toka ardhini, utapanda na kushuka mpaka fundo ulifunge ukiwa umefumba macho.